Gladwell Kananu na Baa Iliyoitwa Kamati

Bi. Gladwell Kananu anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuitumikia idara ya afya ya umma kwa miaka thelathini na minne. Wageni wetu mnaosoma haya mkisubiri pilau, huyo ndiye yule mama wa miwani aliyeketi meza ya mbele, na tayari ameshapita jikoni kuangalia kama sahani zenu zimekauka sawasawa. Yeye anastaafu, lakini macho yake bado yako kazini.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Misheck Ngari, kazi ya kuandika wasifu huu. Walisema ni kwa sababu nimembebea Gladwell chupa za sampuli muda mrefu, na kwa sababu Waembu tuna maneno mengi. Hapo siwezi kubisha. Wakaniambia pia niandike kwa kifupi. Hapo nimebisha, na kabla hamjafika mwisho mtajua kwa nini. Na hilo neno kamati lishikeni vizuri, tutalihitaji.

Gladwell ni kifungua mimba wa marehemu Mzee Mutwiri, fundi wa mawe, na wa Mama Gladwell wa Kianjai, ambaye tunaye leo, yule aliyejifunga kitambaa cha kijani. Utotoni Gladwell alijua maji kwa mgongo, kama wasichana wote wa kwao, maana mto ulikuwa mbali na mtungi hauna huruma. Mfereji wa maji ya bomba ulifika Kianjai akiwa kidato cha pili. Anasema siku hiyo alisimama akayatazama maji yakimwagika bure hadi mamake akamfokea, na hapo akaamua kazi atakayoifanya maishani.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa kwetu, Runyenjes. Huko kuna hadithi ambayo wazee bado wanaisimulia. Mwenye hoteli mmoja alisikia mkaguzi mpya anakuja, akabeba sufuria zote chafu akazilaza kitandani mwake, akazifunika blanketi hadi juu. Gladwell alipouliza ni nani amelala, akaambiwa ni mgonjwa. Sasa wewe mwambie afisa wa afya kwamba kuna mgonjwa mle ndani, halafu utarajie apite. Aliomba amwone mgonjwa. Hoteli ilifungwa wiki mbili, na ilipofunguliwa tena mwenyewe alikuwa wa kwanza kumkaribisha chai.

Kutoka Runyenjes alipelekwa Mitunguu, halafu akaletwa hapa Meru mjini. Ndiye aliyewafuata wenye bucha wa Majengo mlango kwa mlango hadi kila dirisha likawa na wavu na kila bucha ikawa na maji ya kunawa. Mwaka ule kipindupindu kilipotuzunguka, yeye alilala ofisini na viatu miguuni. Kila kiangazi amepanda msituni kukagua chemchemi na kufuata bomba hadi tangi la Kianjai, akichukua sampuli, mimi nyuma yake nikilalamika juu ya viatu vyangu. Naye? Alikuwa akiongeza mwendo tu.

Lakini mjini Meru watu wengi hawamjui kwa hayo. Wanamjua kama mama wa baa.

Hapo mgeni hushtuka, kwa maana Gladwell hanywi. Uji ukichacha kidogo anausogeza pembeni. Ni mwenyekiti wa kina mama kanisani kwao. Hata hivyo, hakuna mtu katika kaunti hizi mbili, Meru na Embu, anayejua kama yeye habari za baa za zamani zilizokufa. Atakuonyesha benki iliyojengwa mahali palipokuwa na ukumbi wa dansi. Atakuambia ni mhudumu gani aliweza kumtoa mlevi nje kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika trei. Anajua baa moja ya Embu iliyofungwa kwa sababu mwenyewe aliokoka, akatoka na makreti yote akayamwaga kwenye mtaro, na mbuzi wa mtaa mzima wakalala barabarani hadi asubuhi. Jumamosi zake, ambazo wengine wetu tulizitumia kupumzika, yeye alizitumia kuwatafuta wazee na kuwauliza walikuwa wakikunywa wapi.

Haikuwa rahisi. Fikiria umezeeka kwa amani, kisha afisa wa afya anabisha mlango akiuliza habari za baa. Wengi waliona amekuja kufunga kitu. Mzee mmoja, akiwa ameegemea kaunta ya mbao yenye alama za chupa zilizokula rangi, alimwapia kwamba pale pamekuwa duka la viatu tangu dunia iumbwe. Gladwell akaanza kwenda bila koti jeupe, lakini haikusaidia, kwani alikuwa bado akipitisha kidole juu ya meza kuangalia vumbi.

Swali ambalo kila mtu ofisini amemuuliza ni moja: mama asiyekunywa anatafuta nini baa? Jibu lake lilikuwa kwamba historia ni historia. Jibu la kweli alinipa tukiwa Mitunguu, tumejikinga mvua chini ya bati la mnunuzi wa ndizi. Amenipa ruhusa niliandike, na mamake pia ametoa ruhusa.

Mzee Mutwiri alikuwa akijenga hapa mjini wiki nzima, na Jumamosi anarudi Kianjai. Alikuwa akifika giza limeshaingia, akisema ametoka kwa kamati. Mama Gladwell hakuuliza kamati gani. Miaka hiyo kila mwanamume wa maana alikuwa na kamati yake, ya shule, ya josho, ya kanisa. Alimwekea chakula karibu na moto, na wanawake wenzake walipolalamika sokoni kwamba mabwana zao wanalewa, yeye alisema kwa madaha kwamba wake yuko kwa kamati.

Siku ya mazishi ya Mzee, rafiki yake Muthamia alisimama kumsifu. Alianza na mzaha, kama ilivyo desturi yetu. Alisema yeye na marehemu wamekaa Kamati Jumamosi zote za ujana wao, na kwa wasiojua, Kamati ilikuwa ndani ya baa moja hapo mjini, ukishuka kuelekea Majengo, na bia ya pale ilikuwa baridi hadi mtu anaomba koti. Watu wakacheka. Mwelekezi wa shughuli akaona muda umekwenda na wahubiri wanangoja, akamshukuru na kumpokonya kipaza sauti. Muthamia alibaki ameinua mkono, mdomo unaendelea, lakini hakuna aliyemsikia. Mwaka haukuisha naye akamfuata rafiki yake.

Mama Gladwell hakucheka. Wageni walipoondoka aliitoa picha ya mumewe ukutani sebuleni, akaiweka nyuma ya kabati, uso ukitazama ukuta. Tangu hapo hakumtaja tena. Mtu akisema neno kamati, hata kanisani, alikuwa akiinuka na kutoka. Pombe yenyewe haikumuuma sana. Kilichomuuma ni ile sahani ya chakula karibu na moto, na yale madaha ya sokoni. Alijiona amechezewa miaka yote hiyo, na kwamba wanawake wote walijua isipokuwa yeye.

Basi Gladwell alikuwa akitafuta jambo moja, na alilitaka mamake akiwa bado hai: Je, babake alikuwa akidanganya?

Alipoanza kuuliza habari za Kamati, kila mtu alicheka. Wake kwa waume waliijua, lakini njia ya Majengo ilikuwa na baa tele, na hakuna aliyejua ni ipi. Huyu alisema ilikuwa Maua, yule akasema Nkubu. Mzee mmoja wa Kianjai alimshauri aache, maana Kamati ilikuwa kila mahali palipo na mwanamume na mke anayemngoja. Ndivyo Gladwell alivyoingia katika hizi baa nyingine zote. Ukitafuta mbuzi aliyepotea, utaujua ua wa kila jirani.

Katika kutafuta huko, baa iliyosimuliwa kuliko zote ilikuwa ya Nyoka. Kwenye ubao iliandikwa Mapumziko, lakini hakuna aliyeliita jina hilo. Ukutani mwake palichorwa nyoka mkubwa wa rangi ya buluu, ameshuka kutoka darini hadi karibu na sakafu. Wanywaji waliapa kwamba chupa ya tatu ikiisha nyoka anaanza kutembea. Wengine walisema ni nyoka wa kweli aliyekufa akapakwa rangi. Gladwell alikusanya hadithi za nyoka huyo miaka na miaka. Alimpata hata aliyekuwa mhudumu wa pale, Mama Kathuri, ambaye siku hizi analima ndizi Mitunguu, akamhoji mara mbili juu ya santuri zilizopigwa na mitindo ya nywele. Jina la babake hakulitaja. Aliona haya.

Jengo la Nyoka aliamini analijua. Ni duka la nafaka la Kobia, kwenye mteremko wa Majengo, naye yuko hapa leo na tai yake nyekundu. Kobia alilirithi kwa babake, na kwa vile ni mzee wa kanisa, hakutaka kabisa kusikia kwamba mahindi yake yako ndani ya baa. Kila Gladwell alipogusia nyoka, Kobia alileta mazungumzo ya mvua.

Hapo ndipo kazi na utafiti vilipokutana. Sheria ya afya inasema magunia yasiegemee ukuta, yakae juu ya mbao na hewa ipite nyuma yake. Magunia ya Kobia yalikuwa yameegemea ukuta wa ndani tangu enzi za babake. Kila ukaguzi Gladwell alimwambia ayatoe, na kila ukaguzi Kobia alijibu kesho. Alimwonya, akamtoza faini, akambembeleza. Kesho ya Kobia haikufika.

Mwezi wa Machi tulikwenda kwa ukaguzi wa mwisho. Kobia alikuwa amesikia kwamba Madam anastaafu, akafikiria zawadi ya kumpa. Leso? Kuku? Mwishowe aliajiri vijana, wakasogeza magunia yote, yakawekwa juu ya mbao kama sheria inavyotaka. Alitupokea mlangoni akitabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani. Tukaingia stoo, na nyoka alikuwa pale ukutani.

Mimi niliona nyoka, sitawaficha. Ni mstari wa buluu, mnene kama kifundo cha mkono, unateremka ukipinda huku na huku. Maandishi yaliyokuwa kando yake yalishafutwa na magunia. Gladwell alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alianza kuufuata mstari kwa kalamu bila kuugusa, kutoka juu kushuka chini. Alipofika mahali unapokunja kona kali alisimama, akaomba kiti. Nikadhani sukari imeshuka, nikakimbilia soda.

Niliporudi nayo alikuwa akilia na kucheka pamoja. Aliniambia kwamba huyu nyoka tumemkanyaga, mimi na yeye, kila kiangazi. Akanionyesha. Kile kisanduku cha juu ni mahali maji yanapochukuliwa msituni. Hapa bomba linazunguka mwamba. Hii kona kali ni lile shamba ambalo mwenyewe alikataa lisipitiwe, hadi leo tunalizunguka tukichomwa na miiba. Na kile kiduara cha chini, ambacho walevi walikiita mkia uliojikunja, ni tangi la Kianjai. Alipomaliza kuonyesha, nilijaribu kumwona tena nyoka nikashindwa. Lisemwalo lipo, lakini wakati mwingine lina jina lingine.

Kesho yake tulikuwa Mitunguu. Safari hii Gladwell hakuuliza habari za santuri. Aliuliza ni nani walikaa chini ya nyoka, na akalitaja jina la Mutwiri. Mama Kathuri alipiga makofi, akacheka hadi akashika mgomba asianguke. Akauliza kama anamaanisha Mutwiri wa Kidole.

Akatueleza. Kamati haikuwa baa, ilikuwa meza. Wanaume wa Kianjai waliofanya kazi mjini, mwashi, dereva, mwalimu na wengineo, walikutana pale Jumamosi mchana kabla ya kurudi kwao, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo wangekaa bila kufukuzwa. Walikuwa wanataka maji yafike nyumbani, na walibishana bomba lipite wapi. Mutwiri alichovya kidole kwenye bia akaichora njia juu ya meza. Mwingine akaifuta na kuchora yake. Mwenye baa alichoka kupangusa. Fundi aliyekuja kuandika jina la baa kwenye ubao akabakiwa na rangi ya buluu, basi mwenye baa akamwamuru aichore hiyo njia ukutani mara moja, watu wapumzike. Hawakupumzika. Walibishana chini yake miaka mingi, wakaandikia kila ofisi, na Jumapili baada ya ibada walipanda msituni kupima kwa hatua.

Maji yalipofika yalizinduliwa na wakubwa, utepe ukakatwa, na hakuna hata mmoja wa meza ile aliyealikwa. Jumamosi iliyofuata walikuja baa kama kawaida. Mama Kathuri anakumbuka kwamba siku hiyo Mutwiri aliagiza maji.

Gladwell alimuuliza pia kama babake alikuwa akilewa. Mama Kathuri alisema hawezi kumdanganyia mtu aliyelala kaburini. Alikuwa akinywa chupa mbili, na wakishinda ubishi, tatu.

Kwa hivyo Mzee Mutwiri hakudanganya. Hakusema yote, hilo ni jambo lingine, na wanaume wenzangu mlio hapa mnaijua tofauti.

Mwezi uliopita Gladwell alimleta mamake dukani kwa Kobia. Kobia alikuwa amefagia na kuweka kiti chenye kitambaa. Mama Gladwell hakuketi. Alimsikiliza binti yake hadi mwisho, akauliza nyumba yao iko upande gani wa tangi, akaonyeshwa. Kisha alipitisha kidole juu ya ule mstari, polepole, kutoka msituni hadi nyumbani. Alisema Mutwiri angemwambia tu kwamba kamati ina bia. Angekasirika Jumamosi moja, na yangeisha. Halafu alilia, na sisi tukalia naye, na Kobia, kwa kukosa la kufanya, akaanza kusogeza magunia ambayo yalishasogezwa.

Picha imetoka nyuma ya kabati. Bado haijarudi sebuleni, tusikimbizane. Ameitundika jikoni, juu ya mfereji. Anasema hapo anaweza kumwona vizuri akiwa kwa kamati.

Kobia ameahidi kwamba ukuta ule hautafunikwa tena, na magunia yatakaa mbali nao. Hivyo mchoro mmoja umefanya kazi ambayo faini zetu zilishindwa. Gladwell naye anakusudia kutumia ustaafu wake kukusanya picha na masimulizi ya baa hizi zilizokufa na kuyaweka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuja kuyasoma. Kama babu yako alikunywa mahali fulani kati ya Embu na Maua, jiandae kubishiwa mlango. Hatakuja kufunga kitu.

Nilisema nitawaeleza kwa nini nilikataa kuandika kwa kifupi. Nimeambiwa mwelekezi wetu wa leo ni mkali na saa yake inakimbia. Atamnyang'anya yeyote kipaza sauti, na ni haki yake. Ndiyo maana nikaomba haya yachapishwe kwenye karatasi. Mama Gladwell, haya ndiyo maneno ya Muthamia yaliyobaki. Alikuwa ameinua mkono ayaseme. Leo yamekufikia yote, na mbele ya watu.

Madam Gladwell, asante kwa maji tuliyokunywa bila kuugua, kwa sahani safi, kwa kutufokea sawasawa bila upendeleo. Asante kwa niaba ya mwenye hoteli wa Runyenjes na sufuria zake. Nenda ukapumzike, ingawa tunajua hutapumzika. Mungu akupe miguu yenye nguvu na miaka ya kutosha, mfereji wa kwenu usikauke, na wazee wote wakufungulie milango. Na ukipigiwa simu Jumamosi ukasema uko kwa kamati, sisi tutakuamini.